Saa Elfu Mbili Bila Kuzimwa

Mgeni alibisha hodi Jumanne asubuhi, siku yangu ya mapumziko. Mama alinitangulia mlangoni, kisha akarudi jikoni ananong'ona kwa furaha.

"Mwanangu, vaa vizuri. Kuna kijana. Mkono mmoja una bandeji, lakini ana adabu."

"Kijana gani?"

"Mimi nitajuaje? Anamuulizia mhandisi. Na amekuja na mzigo!"

Tangu nihitimu, mama humwona kila mwanamume anayebisha hodi kama mchumba. Nilitoka na taulo kichwani.

Hakuwa kijana, wala hakuja kuposa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepauka, mfuko wa saruji begani. Aliutua mezani katikati ya vikombe vya chai, kwa mkono wa kushoto, akaufungua. Ndani kulikuwa na kompresa ya friji, ile mashine ya nyuma inayounguruma.

"Hapa chini pamegongwa muhuri," alisema. "Thelathini na moja. Mlinzi wa kiwandani kaniambia thelathini na moja anaishi nyumba hii. Ni nani?"

"Ni mimi."

Alinitazama toka unyayo hadi utosi.

"Nilidhani ni mzee," akasema.

Wewe uliyeikuta simulizi hii njiani leo, shika haya machache. Mimi ni wa kwanza kwetu kumaliza chuo. Niliajiriwa maabara ya kiwanda cha friji mwaka ule wakubwa walipoamua kuachana na kompresa ya zamani, ile ya pistoni, nzito kama mtungi, na kutengeneza mpya: ndogo, nyepesi, yenye kijiduara kinachozunguka badala ya pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu. Niliijaribu, ikafaulu, nikaigonga muhuri. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hana wimbo mwingine, akanipandisha cheo. Wiki iliyopita nilisimulia jinsi friji zilivyoanza kurudi: tano, hamsini, kisha malori. Kiwanda kilisema ni mafundi wa mitaani wanaozichokonoa. Niliamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Sasa fundi wa mtaani alikuwa mezani kwetu.

"Umeitoa wapi hii?" nikamuuliza.

"Kwa mwalimu mmoja jirani yangu. Ni ya kumi na saba. Zote hazipiti mwaka. Inaanza kuunguruma, inakuwa ya moto huwezi kuigusa, halafu kimya."

"Na uliifungua?"

"Hebu pitisha kidole kwenye mshono."

Nilipitisha. Kompresa ni chungu cha chuma kilichochomelewa pande zote. Huwezi kuingia ndani bila kukikata. Mshono ulikuwa mzima, na juu yake kulikuwa na rangi yetu nyeusi ya kiwandani, haijakwaruzwa hata kidogo.

"Mimi sifungui," alisema. "Ikifa naitoa nzima, naweka nyingine. Basi."

"Na mkono?"

"Wateja."

Alisema kama mtu anayesema mvua. Kiwanda kilikuwa kimebandika barua kila duka linalouza friji zetu. Barua ilisema kompresa zikifa mapema, chanzo ni mafundi wasio na leseni: wanatoa nzima, wanaiuza, wanaweka mbovu. Watu wakaenda kibandani kwake na barua mkononi.

"Waliniwekea vidole kwenye mlango wa friji, upande wa bawaba. Wakaufunga."

"Vingapi?"

"Vitatu. Walitaka vitano, lakini bawaba ya chini ilikuwa mbovu." Akacheka. "Nilikuwa bado sijaitengeneza."

Mimi sikujua niuweke wapi uso wangu. Mama aliacha kumimina chai.

"Ijumaa saa tisa alasiri nina kikao ofisi ya mtaa," aliendelea. "Wateja wote, mwenyekiti, na askari. Nisipoonyesha kwamba hizi zinakufa zenyewe, natoka pale na pingu. Nataka hii ikatwe. Ila nikiikata mimi watasema nimeiua mimi. Ikatwe kwenu, kwa msumeno wenu, na wewe uone."

Nilijinyoosha kwenye kiti. Nilikuwa bado na kiburi cha chuo.

"Fundi, sisi tuliijaribu hii kompresa kwa saa elfu mbili. Joto kali, shinikizo la juu, bila kuzimwa hata sekunde. Kompresa mia sita. Haikufa hata moja."

"Bila kuzimwa?"

"Bila kuzimwa."

"Kwa nini?"

"Ukiizima unapoteza saa. Tulikuwa tunakimbizana na tarehe."

Kisha akamgeukia mama.

"Mama, hili friji lako linazima na kuwaka mara ngapi kwa siku?"

"Hilo? Linaacha, linarudia, linaacha, linarudia. Kama jirani yetu na pombe."

Fundi hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Mafuta yanakaa chini ya chungu. Kompresa ikizunguka, yanapanda. Ikizima, yanashuka. Ikiwaka tena, sekunde zile za kwanza mafuta hayajafika juu. Chuma kinasaga chuma kikavu. Mara thelathini kwa siku, kila siku. Ile ya pistoni inavumilia, imelegea kidogo. Hii yenu imebana kama pete ya mtu aliyenenepa."

"Lakini..."

"Dada, ninyi mliijaribu kukimbia. Hamkuijaribu kuanza."

Miaka minne chuoni. Mwaka na nusu maabara. Wahandisi kumi na wawili wenye makoti meupe. Kosa letu lote lilikaa kwenye sentensi moja ya mtu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi.

"Niahidi kitu kidogo," alisema akiinuka. "Siombi unitetee. Naomba Ijumaa kabla ya saa tisa unirudishie hii, hata ikiwa vipande. Na ukiulizwa ulichokiona, useme. Usiongeze, usipunguze."

"Naahidi."

Nilisema haraka sana. Ahadi ilionekana nyepesi kuliko ile kompresa.

*

Jumatano niliingia nayo kiwandani kwenye mfuko wake. Mlinzi akachungulia.

"Kompresa? Pita. Za kuingia ni nyingi siku hizi, nimechoka kuziandika."

Chumba cha kukatia kilikuwa cha Babu Msumeno. Yeye ndiye aliyekuwa anapasua kompresa zetu za majaribio zikimaliza saa zao, mimi nikiwa pembeni na fomu. Miaka thelathini kiwandani, masikio yameshaharibika, anaongea kwa kupiga kelele hata akikupa siri.

"MJUKUU, HII NI YA NANI?"

"Polepole, Babu. Ni ya fundi mmoja. Ikate tu."

Aliifunga kwenye jiliwa, akaukagua mshono, akatikisa kichwa.

"Haijaguswa. Mshono ni wa kwetu."

Msumeno ulilia dakika sita. Kifuniko kilipotoka, harufu ilitangulia, harufu ya kitu kilichoungulia jikoni. Mafuta yalitakiwa yawe kama maji ya kunywa. Yalikuwa meusi, mazito, yana unga wa chuma unaometameta. Waya za shaba zilikuwa za kahawia kama sukari iliyoungua. Kijiduara kilikuwa kimekwaruzwa pande zote.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," nilisema.

Babu Msumeno alivua miwani yake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Mjukuu, usinifanyie hivyo. Ulikuwa umesimama hapohapo uliposimama."

Wasomaji wangu, sikuwaambia hili. Katika sehemu zote zilizotangulia nilijua nitalifikia, na kila wiki nililizunguka. Leo limenisimamia mbele, halipitiki.

Niliona. Miezi kumi na minne kabla ya siku ile, kundi la tatu la majaribio, Babu Msumeno alipasua kompresa ambayo ilikuwa bado inazunguka vizuri, akaniita. Waya zilikuwa zimeanza kuwa za kahawia. Mafuta yalikuwa yameanza kuwa meusi. Akasema, "Hii inapita, lakini si nzima." Tena hiyo ilikuwa haijazimwa hata mara moja! Ilikuwa imepewa maisha mepesi kuliko friji yoyote ya mtu, na bado ilikuwa inaungua.

Nilikimbia na fomu hadi kwa Bwana Tarehe.

"Inazunguka, haizunguki?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Inazunguka, ila rangi..."

"Fomu ina nafasi ya rangi?"

"Haina."

"Sasa unataka kuandika nini, shairi?"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nataka mjue hilo: nilicheka. Nilikuwa mgeni, nilitaka kupendwa. Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika sentensi moja safi, kwa mwandiko wangu mzuri: "Baada ya kufunguliwa, hakuna kasoro ya ndani iliyoonekana."

Niliiandika mara mia sita.

"Nilidhani umeandika," Babu Msumeno alisema. "Siku zile zote nilidhani umeandika, wakubwa ndio wakakataa."

Mlango ukafunguliwa.

*

Bwana Tarehe hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza. Alikuja akitabasamu, akachungulia ndani ya kompresa kama mtu anayeangalia chungu kama chakula kimeiva.

"Ahaa. Umefanya vizuri kuileta, binti yangu. Ya nani?"

"Ya fundi. Bosi, hii haikufunguliwa. Imekufa yenyewe. Zote zinakufa zenyewe, kwa sababu hatukuwahi kuzijaribu kuwaka na ku..."

"Najua."

Nilidhani sikusikia.

"Unajua?"

"Tangu mwezi wa tatu. Tumebakiza kompresa laki mbili stoo. Ulitaka tuzifanyie nini, tuzipande maua?" Alivuta kiti, akakaa. "Huyo fundi ana kikao Ijumaa. Wakili wetu atakuwepo. Umeisoma ile barua ya madukani?"

"Nimeisoma."

"Umeisoma yote? Ina alama za kunukuu, aya ya tatu." Aliitoa mfukoni, akaikunjua polepole, akanisomea. "'Baada ya kufunguliwa, hakuna kasoro ya ndani iliyoonekana.' Sentensi nzuri. Fupi. Mimi nisingeweza kuandika vizuri hivyo."

Sentensi yangu. Ile barua iliyopelekwa kibandani kwa fundi ilikuwa imebeba sentensi yangu. Watu walishika vidole vyake huku wakisoma maneno niliyoandika mimi ili ofisi isinicheke.

"Ukisimama pale Ijumaa," aliendelea kwa upole, "hutasema kiwanda kimekosea. Fomu mia sita zina sahihi moja, na si yangu. Utasema wewe umekosea. Kughushi matokeo ya majaribio, wakili ananiambia, ni jela." Akamgeukia mzee. "Babu, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"MINNE."

"Minne. Na kukata kifaa cha nje bila kibali ni kosa la kufukuzwa bila kiinua mgongo. Lakini mimi sijaona kitu. Hiki kikibaki hapa mezani, sijaona kitu. Kikitoka nje ya geti, nitakuwa nimeona."

Aliinuka, akanipigapiga begani.

"Una moyo mzuri, binti yangu. Watu wenye moyo mzuri ni mali ya kiwanda."

*

Alhamisi jioni nilikuta mama anaimba.

Katikati ya jikoni kulikuwa na friji jipya, refu, la milango miwili. Mama alikuwa ameshalipanga: mboga huku, maziwa kule, chupa za maji zimejipanga mlangoni kama wanafunzi.

"Bosi wako ni mtu!" alisema. "Wameleta na gari. Wamelichukua lile la zamani bure, wakanibebea hili mpaka ndani. Akaniamkia na shikamoo, mtu mzima na tai yake!"

Nililivuta friji kutoka ukutani, nikachungulia nyuma. Mama akapiga kelele kwamba nitakwaruza sakafu.

Kule nyuma kulikuwa na kompresa nyeusi, ndefu, nzito kama mtungi. Pistoni.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kiwanda kizima kiliapa kwamba kompresa mpya haina shida. Na mtu aliyeapa kuliko wote, alipotaka kumpa mama yangu zawadi, aliingia stoo akatafuta ya zamani.

Nilimsimulia mama kila kitu, pale pale sakafuni: rangi ya waya, shairi, kicheko, sentensi, vidole, ahadi. Mama yangu ni mpole kuliko watu wote ninaowajua. Akimkuta kuku wa jirani amelowa mvua, humkausha kwa kitambaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango wa friji taratibu.

"Usiende," akasema.

"Mama, nimeahidi."

"Vidole vyake vimeshavunjika. Ukienda vitaunga?"

"Atafungwa."

"Na wewe utafungwa. Tofauti yenu ni ipi? Mimi nitakwambia. Wewe ni wangu." Aligeukia jiko, akapunguza moto. "Mdogo wako yuko kidato cha tatu kwa mshahara wako. Mimi dawa za presha ni mshahara wako. Huyo fundi ni ndugu yako wa wapi? Mgeni amekuja na mfuko wa saruji, amekunywa chai yangu, ameondoka. Mwache aende."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Mimi sikusoma," alisema. "Nilikupeleka wewe shule ili tusiwe watu wa kuvunjwa vidole. Sasa unataka kurudi huko kwa miguu yako?"

Chakula kilipoa mezani, na friji la Bwana Tarehe likaendelea kuunguruma kwa afya njema.

*

Ijumaa saa saba mchana, kompresa ilikuwa bado pale mezani kwa Babu Msumeno, vipande viwili, imefunikwa kwa kitambaa. Bwana Tarehe hakuificha wala kuifungia. Alijua hofu inalinda vizuri kuliko kufuli.

Nilipoanza kuiweka kwenye mfuko, Babu Msumeno alinishika mkono. Nilidhani ataniambia nenda. Katika hadithi nilizopenda nikiwa mtoto, mzee wa namna yake huwa anasema nenda.

"Mjukuu, niachie miezi minne tu."

"Babu..."

"Miezi minne. Kisha nitakwenda popote useme, nitasimama mbele ya yeyote, nitasema yote. Nimekaa hapa miaka thelathini. Nimeacha masikio yangu humu. Usinitoe mikono mitupu kwa ajili ya mtu nisiyemjua."

"Kikao ni leo. Saa tisa."

"Najua ni leo!"

Ningempa nini? Nilimpenda yule mzee. Ndiye mtu pekee aliyenionyesha ukweli, na ndiye aliyekuwa anaenda kuumia kwa sababu mimi sikuuandika siku ile ulipokuwa bado haumgharimu mtu kitu. Niliutoa mkono wake kwangu, kidole kimoja kimoja. Sitausahau ule ulegevu wa vidole vyake.

Getini mlinzi alifungua kitabu.

"Ya kutoka lazima iandikwe. Ni nini?"

"Kompresa moja, vipande viwili, na mafuta yake kwenye chupa."

"Imekatwa na nani?"

"Na mimi."

Alinitazama. Kila mtu kiwandani anajua kwamba siwezi kushika ule msumeno. Wananitania kila siku kwamba utanibeba.

"Wewe?"

"Andika mimi."

Akaandika. Nikasaini. Nilipogeuka, niliona dirishani Babu Msumeno amesimama, na nyuma yake, akimwekea mkono begani kwa upendo kama mwana, Bwana Tarehe.

Sikujua kama uongo wangu umemsaidia. Mpaka ninapoandika haya sijui.

*

Nilifika ofisi ya mtaa saa tisa kasoro dakika tano. Chumba kilikuwa kimejaa, watu wamesimama hadi madirishani. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya meza, wakili wa kiwanda pembeni yake na faili nene, askari ukutani. Fundi alikuwa peke yake kwenye benchi la mbele. Hakuna aliyetaka kukaa naye.

Nilipita katikati ya watu, nikamwekea mfuko magotini.

"Nimekurudishia."

Aliupokea kwa mkono wa kushoto. Hakusema asante. Aliangalia kwanza saa ya ukutani, kisha mimi.

"Huyu naye ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni thelathini na moja," fundi alisema. "Muhuri ulio kwenye friji zenu zote."

Minong'ono ikapanda. Fundi akatoa vile vipande, akavipanga mezani kwa mwenyekiti, na ile chupa ya mafuta meusi. Watu wa nyuma wakasukumana wapate kuona. Mwanamke mmoja akaziba pua.

Wakili hakushtuka. Aliinuka, akafungua faili.

"Binti, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na sentensi hii, 'hakuna kasoro ya ndani iliyoonekana'?"

"Ni yangu."

"Vizuri." Aliwageukia watu. "Mwenyekiti, zilipotoka kwetu ndani zilikuwa safi. Mhandisi aliyezikagua ndiye huyu, ameandika mara mia sita. Kama hii ndani ni nyeusi, basi weusi umeingia baadaye. Mikononi mwa nani, mnajua wenyewe." Kisha akanikaribia, akashusha sauti, na nikaona kwamba alikuwa ananihurumia kweli. "Binti, jibu jambo moja tu, twende nyumbani. Siku ile ulipoandika, hukuona kitu chochote. Au sivyo?"

Aliniwekea mlango wazi kabisa. Nikisema sikuona, nimebaki mhandisi, fundi anaondoka na pingu. Nikisema niliona, ubovu ulikuwemo kabla fundi hajaigusa, na mwongo ni mimi.

Nilimtazama fundi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinamia bandeji yake.

"Niliona," nikasema. "Waya zilikuwa zimeanza kuungua. Mafuta yalikuwa yameanza kuwa meusi. Nilionyeshwa, nikaona, nikaandika sikuona. Huyu fundi hakuua friji zenu. Zilikuwa zimeshaanza kufa zilipokuwa bado kwangu."

Sikuongeza, sikupunguza.

Wakili alifunga faili, akaanza kukusanya karatasi zake bila kumtazama mtu.

Yule mwanamke aliyeziba pua ndiye aliyesema kwanza, polepole, kama anayejiuliza.

"Kwa hiyo vidole vya fundi tulivivunja bure?"

Watu walitazama sakafu. Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa karibu na mlango, mwenye mikono mikubwa, akasafisha koo.

"Si bure," alisema. "Tulikosea mtu tu."

Nyuso zikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, zikinitafuta. Askari akajitoa ukutani. Sikuweza kujua kama alikuwa anakuja kunikamata au kunikinga, na nadhani na yeye alikuwa bado hajaamua.

Fundi ndiye aliyesogea. Alisogea hadi mwisho wa benchi, akapangusa nafasi aliyoiacha kwa ule mkono wake mzima.

"Kaa, dada," akasema.

Nikakaa.